Nchi ya Watu 40,000 Ambapo Wasee Wawili Tu Wangepindua Uchaguzi: Hivi Ndivyo Liechtenstein Hupiga Kura

Kuna nchi Ulaya ambayo ukiichukua yote, watoto, wazee, polisi, mabwenyenye na hata familia ya kifalme, ukaipeleka Kasarani, wote wangepata viti na bado nafasi ingebaki. Inaitwa Liechtenstein. Watu ni kama 40,000. Wapiga kura ni kama 20,000 tu.

Sasa, wengi wetu tukisikia "uchaguzi wa nchi ndogo" tunadhani ni kitu kama uchaguzi wa chama cha wapangaji. Lakini hii nchi ina stori ambayo kila msee aliyewahi kusema "kura yangu haiwezi badilisha kitu" anafaa kuisikia. Februari 2021 vyama vyao viwili vikubwa vilitoshana viti, 10 kwa 10. Kilichovitenganisha ni kura 42. Na subiri kwanza: hizo kura 42 si watu 42. Hata watu watatu hawafiki. Tutapiga hiyo hesabu pamoja.

Halafu kuna upande wa pili wa stori. Katika hiyo nchi ambapo karatasi mbili tatu zinaweza kuamua nani aongoze serikali, kuna mtu mmoja hajawahi kupigiwa kura, anaishi kwenye kasri juu ya mlima, na anaweza kusema "hapana" kwa sheria yoyote. Wananchi waliulizwa kama wangetaka kumpunguzia hiyo nguvu. Walichojibu kitakushangaza.

Kwanza, hii nchi iko wapi?

Liechtenstein imebanwa kati ya Uswisi na Austria. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 160. Kaunti ya Nairobi peke yake ni karibu 700, kwa hivyo hii nchi ingeingia ndani ya Nairobi mara nne na chenji ibaki. Haina bahari, na majirani wake wote wawili pia hawana bahari. Duniani ni Liechtenstein na Uzbekistan tu ndizo ziko hivyo. Haina uwanja wa ndege. Haina jeshi tangu 1868. Pesa wanayotumia ni faranga ya Uswisi.

Usidhani ni maskini lakini. Kama umewahi kupita karibu na mjengo ukaona fundi ameshika drili nyekundu imeandikwa Hilti, hiyo kampuni makao yake makuu yako huko, kwenye mji unaoitwa Schaan. Nchi ina benki, ina viwanda, na ina kitu ambacho kijana wa Nairobi anaweza kulia akisikia: kazi ni nyingi kuliko watu. Kila asubuhi maelfu ya wafanyakazi wanavuka mpaka kutoka Uswisi, Austria na Ujerumani kuja kuchapa kazi, jioni wanarudi kwao.

Mji mkuu ni Vaduz. Nchi yote ina wilaya ndogo 11, na zimegawanywa mara mbili: upande wa juu unaitwa Oberland na wa chini unaitwa Unterland. Shika hayo majina mawili kwa sababu ndiyo maeneo ya uchaguzi. Oberland inatoa wabunge 15, Unterland inatoa 10. Jumla ni 25. Hilo ndilo bunge lote, na wanaliita Landtag.

Nchi iliyonunuliwa kwa sababu ya kiti cha bunge

Hapa ndipo historia inakuwa tamu. Familia ya Liechtenstein ilikuwa na doo nyingi zamani za kale, na mashamba makubwa Austria na sehemu ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Lakini walikosa kitu kimoja: kiti kwenye bunge la Milki Takatifu ya Roma. Kukipata, ilibidi uwe na ardhi ambayo iko moja kwa moja chini ya mfalme mkuu wa milki, bila bwana mwingine katikati.

Kwa hivyo wakafanya nini? Wakanunua. Mwaka 1699 walinunua sehemu inayoitwa Schellenberg. Mwaka 1712 wakanunua Vaduz. Mwaka 1719 sehemu hizo mbili ziliunganishwa zikapewa jina la familia. Yaani nchi haikuipa familia jina. Familia ndiyo iliyoipa nchi jina, kama vile mtu anunue ploti mbili aziite jina la babake.

Na baada ya kununua, hawakuhamia. Watawala waliendelea kuishi maisha yao ya raha Vienna na kwingineko. Mtawala wa kwanza kuhamia Liechtenstein kabisa alikuwa Franz Josef II, mwaka 1938. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 ya landilodi ambaye haishi kwenye ploti. Hao watu wa Oberland na Unterland ni wajukuu wa wale waliokuwa kwenye ploti wakati inauzwa.

Karatasi moja, kura 15

Sasa tuingie kwenye debe.

Huku kwetu ukichagua mbunge unatia alama kwa mtu mmoja, kwisha. Liechtenstein siyo hivyo. Ukiwa mpiga kura wa Oberland una kura 15 mkononi, sawa na viti vya eneo lako. Ukiwa wa Unterland una kura 10. Unaletewa karatasi za vyama vyote, kila chama na orodha yake ya wagombea. Unachagua karatasi ya chama kimoja, hiyo ndiyo unarudisha.

Ukiwa shabiki sugu wa chama, unairudisha jinsi ilivyo, na chama chako kinapata kura zako zote 15. Lakini una ruhusa ya kuichezea. Kama kuna mgombea wa chama chako humpendi, unamkata jina. Kama kuna mgombea wa chama kingine unamkubali, labda ni mwalimu wako wa zamani ama daktari aliyemtibu mathe, unaliandika jina lake kwenye nafasi hiyo. Kura moja inahama inaenda kwa chama chake. Na ukikata jina bila kuandika lingine, hiyo kura haipotei, chama chako bado kinaihesabu.

Fikiria hiyo kitu kwenye nchi ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Mgombea si sura ya bango barabarani. Ni jirani. Ni yule aliyekuuzia gari ama anayefunza mtoto wako mpira. Kukata jina lake na kalamu ni jambo la kibinafsi kabisa.

Wengi sana siku hizi hawafiki hata kwenye kituo, wanatuma karatasi kwa posta. Siku ya uchaguzi ni Jumapili, na kabla giza kuingia matokeo ya nchi yote yashajulikana. Hakuna kukesha mbele ya televisheni siku tano ukingoja fomu.

Na wabunge wenyewe? Ubunge huko si kazi ya kudumu. Mtu ni wakili, mkulima ama mfanyabiashara, na pia ni mheshimiwa. Vikao vikiisha anarudi kwa shughuli yake.

Nyekundu na Nyeusi

Kwa miaka mingi siasa za huko zimekuwa za mbogi mbili. Kuna VU, ambao rangi yao ni nyekundu, na kuna FBP, ambao rangi yao ni nyeusi. Zote mbili ni za mrengo wa kulia wa wastani na zote zinamheshimu Mwanamfalme. Mizizi yake ni ya 1918, na kwa familia nyingi chama kilikuwa kitu cha kurithi, kama vile mtu huku anazaliwa kwenye nyumba ya Gor ama ya Ingwe.

Mwaka 1938, Hitler alipoimeza Austria mlangoni mwao, hizo mbogi mbili ziliamua kuweka ugomvi kando na kutawala pamoja. Walikaa hivyo hadi 1997, karibu miaka 60. Wakaachana kidogo, kila mmoja akajaribu kutawala peke yake kwa muhula mmoja, kisha 2005 wakarudiana.

Kwa hivyo swali la kila uchaguzi huwa si kama Nyekundu na Nyeusi watatawala. Swali ni nani kati yao atatoa Waziri Mkuu na nani atakuwa naibu. Serikali yote ni watu watano tu. Anayeongoza anapata nafasi tatu, mwenzake anapata mbili.

Na usidhani ni siasa za kulala. Mwaka 1993 walipiga kura mara mbili kwa mwaka mmoja. FBP ilishinda Februari, mtu wao Markus Büchel akawa Waziri Mkuu, lakini miezi michache tu baadaye chama chake chenyewe kikamgeuka. Bunge likavunjwa, Oktoba watu wakarudi debeni, VU ikashinda. Aliyechukua usukani alikuwa Mario Frick. Umri wake? Miaka 28. Wewe uliye na 28 na bado unaambiwa "ngoja, wakati wako utafika", hiyo ni yako.

Sasa ile hesabu ya 2021

Turudi kwa zile kura 42.

Februari 7, 2021, VU walipata asilimia 35.89. FBP walipata asilimia 35.88. Viti 10 kwa 10. Kwa mila yao, chama kilicho mbele ndicho kinachodai kiti cha Waziri Mkuu. VU walikuwa mbele kwa kura 42.

Kumbuka kila mpiga kura wa Oberland ana kura 15. Gawanya 42 kwa 15. Unapata 2.8. Yaani pengo lote la nchi nzima halikufika karatasi tatu.

Na kuna hesabu kali zaidi. Chukua wasee wawili wa Oberland waliorudisha karatasi safi ya VU. Sema asubuhi hiyo wangebadilisha mawazo wakarudisha ya FBP. VU ingepoteza kura 30, FBP ingeongeza 30. Hapo pengo linasonga kwa 60, na FBP inaingia mbele kwa 18. Watu wawili. Mume na mke wakibishana wakinywa chai. Ndugu wawili waliokosana na mgombea.

Lakini hao wawili hawakubadilisha, na matokeo yake yalionekana. FBP walikuwa wameongoza serikali kwa miaka minane, tangu 2013. Walitoka kwenye kile kiti, na Daniel Risch wa VU akawa Waziri Mkuu.

Sasa fikiria wale waliokuwa na karatasi nyumbani na wakasahau kuituma. Wapo. Karibu mtu mmoja kati ya watano hakushiriki uchaguzi huo. Hao ni maelfu ya watu, na pengo halikufika karatasi tatu.

Ukuta wa asilimia 8

Kuna sheria moja inayoumiza vyama vidogo. Chama kisipofikisha asilimia 8 ya kura za nchi nzima, hakipati kiti hata kimoja. Kwa nchi ya viti 25, huo ukuta ni mrefu. Umewahi kuzuia chama kinachoitwa Freie Liste, kile cha mrengo wa kushoto na mazingira, mwishoni mwa miaka ya 1980. Walingoja hadi 1993 ndipo wakaingia.

Mfano mchungu zaidi ni wa DU, chama cha wasee waliochoka na mbogi zote mbili. Mwaka 2017 walikuwa na viti 5. Mwaka uliofuata wakagombana wenyewe kwa wenyewe, kikundi kikajitoa kikaunda chama kipya, DpL. Uchaguzi wa 2021 ulipofika, DU walipata kama asilimia 4. Kutoka viti 5 hadi sufuri. DpL walivuka ukuta na kupata viti 2. Weka hao DpL akilini, wanarudi.

Wanawake walingoja hadi 1984

Hapa ndipo mtu anakasirika. Kenya wanawake walikuwa wanapiga kura kabla hata bendera yetu kupandishwa. Liechtenstein, katikati ya Ulaya, na doo zote hizo, mwanamke alikuwa hana kura ya kitaifa hadi 1984.

Na haikuwa kwamba hakuna mtu aliyeuliza. Waliuliza. Shida ni kwamba waliokuwa wanaulizwa ni wanaume. Mwaka 1971 wanaume walipiga kura ya maoni wakasema hapana. Mwaka 1973 wakaulizwa tena, wakasema hapana kwa kishindo zaidi.

Miaka ya 1980 wanawake walianzisha kikundi wakakiita Aktion Dornröschen. Dornröschen ni yule binti wa hadithi aliyelala miaka mia moja. Ujumbe ulikuwa wazi: tumelazwa vya kutosha. Mwaka 1983 wakafunga safari hadi Strasbourg, kwenye Baraza la Ulaya, kuwaaibisha wanaume wao mbele ya bara zima.

Mwaka uliofuata wanaume wakaulizwa tena. Ndiyo zilikuwa 2,370. Hapana zilikuwa 2,251. Tofauti ya kura 119. Nusu ya nchi ilipata sauti kwa tofauti ya watu wanaoweza kutoshea kwenye basi mbili za masafa. Uchaguzi wa kwanza wa wanawake ulikuwa 1986, na mwanamke mmoja aliingia bungeni: Emma Eigenmann.

Mdosi wa kule juu

Sasa tupande mlima. Juu ya Vaduz kuna kasri, na humo ndimo anamoishi Mwanamfalme. Jina linaweza kukuchanganya: ni mwanamfalme lakini hakuna mfalme juu yake, yeye ndiye wa mwisho. Hans-Adam II alichukua kiti 1989. Tangu 2004 kazi za kila siku amemwachia mtoto wake Alois. Familia ina benki yake, LGT, na ni moja ya familia tajiri zaidi za kifalme Ulaya.

Wafalme wengi wa Ulaya siku hizi ni wa kukata utepe na kupungia watu mkono. Huyu siyo wa aina hiyo. Sheria haiwezi kuwa sheria bila sahihi yake. Anaweza kuvunja bunge. Anaweza kuifuta serikali kazi. Ana usemi mkubwa kwenye kuteua majaji.

Mwaka 2003 alileta mapendekezo ya katiba yanayomwongezea nguvu. Wapinzani walipolalamika, alitoa masharti: mkinikatalia, nahamia Vienna. Watu wakapiga kura. Asilimia 64 wakamuunga mkono.

Mwaka 2011 kulikuwa na kura ya maoni ya kulegeza sheria ya kutoa mimba. Kabla watu hawajapiga, Alois akatangaza kwamba hata wakisema ndiyo, yeye hatatia sahihi. Kura ikafanyika, hapana ikashinda kwa karibu asilimia 52. Hadi leo huwezi kusema ni wangapi walibaki nyumbani ama walibadilisha msimamo kwa sababu mdosi alishafunga mlango.

Hiyo ikawaudhi watu fulani. Wakakusanya sahihi ili kubadilisha katiba: wananchi wakishapitisha kitu kwenye kura ya maoni, Mwanamfalme asiweze kukizuia. Kampeni yao waliipa jina ambalo ungedhani limetungwa na vijana wa hapa: "Ndiyo, ili kura yako ihesabike."

Julai 1, 2012, matokeo yakaingia. Asilimia 76 walisema hapana. Yaani watu watatu kati ya wanne walipewa nafasi ya kumnyang'anya mdosi kufuli, wakamwambia kaa nayo.

Mbona? Ukiwasikiliza wanaomtetea, wanasema nchi imetulia, doo zipo, na familia hiyo haitegemei kodi yao kuishi. Wanaona Mwanamfalme kama breki ya wanasiasa. Na kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakijui. Katiba yenyewe inawapa wananchi njia ya kumwondoa. Wakikusanya sahihi za kutosha wanaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani naye, na wanaweza hata kufuta ufalme kabisa. Tena kila wilaya kati ya zile 11 ina haki ya kuanza mchakato wa kujitoa kwenye nchi. Kwa hivyo wanaomtetea husema: yuko pale kwa sababu tumeamua awe pale.

Wapinzani nao wana jibu. Silaha ambayo kila mtu anaogopa kuitumia si silaha. Ukitaka tu kurekebisha kitu kidogo, unaambiwa chaguo ni kumkubali jinsi alivyo ama kubomoa nyumba yote. Na mtu mwenye nyumba nzuri habomoi.

Sahihi 1,000, na redio inazimwa

Nje ya uchaguzi, wananchi wana rungu lingine. Sahihi 1,000 zinatosha kupeleka sheria kwenye kura ya maoni. Za kubadilisha katiba ni 1,500. Bunge likipitisha sheria usiyoitaka, mna siku 30 za kukusanya sahihi.

Usiseme ni rahisi kwa sababu ni namba ndogo. Sahihi 1,000 kwa wapiga kura 20,000 ni asilimia 5. Kenya tunahitaji sahihi milioni moja kwa wapiga kura milioni 22, ambayo ni karibu asilimia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huku kwetu hiyo njia ni ya kubadilisha katiba. Wao wanaitumia hata kwa sheria ya kawaida iliyopita wiki jana.

Na wanaitumia kweli. Januari 2023 waliulizwa kama kasino zipigwe marufuku, kwa sababu zilikuwa zimechipuka kama vibanda vya M-Pesa. Karibu robo tatu wakasema ziachwe.

Oktoba 2024 ikawa zamu ya redio. Liechtenstein ilikuwa na kituo kimoja cha redio cha umma. DpL, wale wa kutoka kwenye mgawanyiko, walikusanya sahihi za kufuta sheria iliyokilisha kile kituo pesa za serikali. Hoja yao ilikuwa kwamba kinakula doo nyingi. Asilimia 55 wakakubali. Wengi walitarajia mwekezaji binafsi atakuja. Hakuja. Aprili 2025 Radio Liechtenstein ikazimwa.

Ukichanganya na gazeti la Volksblatt, ambalo lilikuwa limedumu tangu 1878 na likafungwa 2023, nchi imebaki na gazeti moja la kila siku, Vaterland. Hilo linafaa kukusumbua hata kama hujawahi kusikia hiyo redio. Watu walitumia haki yao ya kura kihalali kabisa, na walichopunguza ni sauti zinazowaeleza wanachopigia kura.

Wasiokuwa na karatasi

Kabla tusifie sana, hesabu waliokosekana. Kama theluthi moja ya wakaazi wa Liechtenstein ni wageni. Wanalipa kodi, watoto wao wanasoma hapo, lakini kwenye uchaguzi wa bunge hawana kura. Uraia unachukua miaka mingi. Njia ya haraka kidogo inahitaji wananchi wa wilaya unayoishi wakupigie kura wewe binafsi, yaani majirani wanaamua kama unatosha. Na ukikubaliwa, unaacha uraia wako wa zamani. Mwaka 2020 waliulizwa kama hiyo sharti iondolewe, wakakataa.

Hata kibali cha kuishi tu ni ngori. Kwa raia wa nchi za Ulaya, sehemu ya vibali hutolewa kwa bahati nasibu. Si msemo, ni bahati nasibu ya kweli, majina yanachotwa.

2025: mwanamke wa kwanza, na wageni mlangoni

Februari 9, 2025 walirudi debeni. Safari hii hakukuwa na kubanana. VU walibaki na viti 10. FBP walianguka kutoka 10 hadi 7. Freie Liste walipata 2. Na DpL, wale wa kufuta redio, waliruka kutoka viti 2 hadi 6. Mara tatu.

Nyekundu na Nyeusi wakaungana tena kama kawaida, na DpL wakabaki nje na viti vyao 6. Lakini ujumbe ulikuwa umefika. Karibu robo ya bunge sasa ni ya chama ambacho hakikuwepo kabla ya 2018. Kura za kurithi kutoka kwa baba zimeanza kuisha.

Aliyekuwa Waziri Mkuu ni Brigitte Haas wa VU, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika kiti hicho. Alipozaliwa, mama yake hakuwa na ruhusa ya kupiga kura ya bunge. Hata yeye mwenyewe alikuwa mtu mzima wakati wanaume walipoamua, kwa zile kura 119, kwamba mwanamke ana akili ya kutosha kushika kalamu. Kama wanaume 60 tu wangebadilisha upande siku hiyo ya 1984, ndiyo ingeanguka.

Sheria zote ambazo serikali yake italeta bado zitapanda mlima kungoja sahihi ya kasri. Hilo halijabadilika. Uchaguzi ujao unatarajiwa 2029, na ukuta wa asilimia 8 utakuwa pale pale.

Kwa hivyo ukisikia mtu mtaani akisema kura moja ni tone baharini, mwambie kuna nchi isiyo na bahari ambapo karatasi mbili zilitosha. Halafu mwambie na ile nyingine: ni nchi hiyo hiyo ambapo watu watatu kati ya wanne waliulizwa kama kura yao iwe na neno la mwisho, na wakajibu kwamba la mwisho abaki nalo mwenye kasri.